Bosi wa Chikago Aliyezikwa Salale

Binamu yangu Mtupa, mtani wangu,

Nakusalimu salamu ya watu wa makaburini, nyinyi mliotangulia na sisi tunaokuja nyuma, ingawa miye sina haraka.

Anayekuandikia ni miye Athumani, ambaye toka Kibiti mpaka kivuko cha Ndundu, na toka Umwe kwenu mpaka mikoko ya mwisho inayotazamana na bahari, hakuna asiyemwita Mjomba. Katika Tanganyika nzima ni miye peke yangu niliyekunywa chai meza moja na majambazi wakubwa wa Chikago, kule Marekani, nikawapa na shauri, wakalifuata. Juzi Bwana DC alipita Kibiti na gari lake, akapunguza mwendo, akanitazama muda mrefu. Akaenda zake. Lakini mwenye akili anajua maana ya kutazamwa namna ile. Serikali ya Mwingereza inajua nani ni nani.

Haya, nimeshajisifu. Sasa nikwambie habari, na habari si nzuri.

Toka tukuzike Salale, watu wamekataa kuingia kwenye kijito chako. Boriti za mikoko ulizozikata kabla ya homa ya mapafu kukulaza zimebaki kulekule topeni, maji yakijaa yanazifunika, yakitoka jua linazichoma. Mwajuma mkeo yumo ndani anakaa eda, na riziki yake yote ni zile boriti. Zikishapasuka hakuna nahodha atakayezipakia. Nimewabembeleza wakataji wenzako, wazima wenye vifua kama milango, wote wanatazama chini. Wanasema kijitoni kuna mtu. Wanasema huyo mtu hataondoka mpaka mtani wake amtanie, na mtani wake ni miye.

Unajua nililolifanya siku ya maziko. Ulikuwapo, umelala ndani ya jeneza.

Mtani hamlilii mtani. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Wengine na walie, kazi ya mtani ni kuzuia jeneza njiani, kuiga mwendo wa marehemu, kujitupa kaburini na kusema shimo hili dogo, tumbo la bwana huyu lilikula nchi nzima, mpaka wafiwa wamtoe kwa kumpa kuku, ndipo aiachie maiti ruhusa. Tulikuwa tumeahidiana. Atakayetangulia, mwenziwe atafanya utani mpaka watu wasahau walichokuja kulia. Na wewe kwa tamaa yako ukaongeza: "Mtani, miye nataka maziko ya Chikago."

Kosa langu, nilikusimulia mno. Nilikusimulia jinsi jambazi mkubwa akifa kule anavyowekwa kwenye sanduku la fedha tupu, magari meusi yanafuatana mtaa mzima, na maua, maua ya kujaza shamba la mpunga. Na shada kubwa kuliko yote, nikakwambia, hupelekwa na yuleyule aliyemuua, amesimama mstari wa mbele, kofia kifuani, anapangusa machozi. Siku ile ulivuta tumbaku yako mpaka ikaisha. Halafu ukasema: "Basi hao nao wana watani."

Maneno hayo yalinijia njiani wakati jeneza lako linakaribia. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimefunga kitambaa shingoni kama tai, nimeshika kuti badala ya bunduki, nimesimama katikati ya njia nikiwazuia. Watu wakasimama, wakangoja. Wengine wameshaanza kutabasamu. Nikafungua mdomo.

Nikalia, Mtupa. Nililia kama bibi harusi anayepelekwa mbali. Kuti likaanguka. Wakanizunguka pembeni na jeneza, wakapita. Bibi mmoja alisonya tu, nikasikia kwa nyuma: "Loo, maiti hii imetoka bila ruhusa."

Imamu amesema hayo hayamo kitabuni. Nimemsikia na nimeitika. Lakini nimeona pia kwamba imamu siku hizi akienda bandarini Nyamisati hapiti kwenye kijito chako, anazunguka.

Sasa wewe mwenyewe nakuuliza, nijibu kama unaweza. Shoka linalolia mikokoni adhuhuri, watu wote wamelala, ni la nani? Ko, kimya, ko, kimya, kama ulivyokuwa unakata, ukipumzika kila pigo kwa uvivu. Wakaenda kutazama. Hakuna tawi lililokatwa, hakuna hata kibanzi. Na lile pama lako, kofia lako la ukingo mpana, ambalo kina mama wamelielezea, linapita juu ya miti ya mikandaa maji yakijaa, polepole, kama lina kichwa ndani? Miye nilicheka nikaenda kwa Mwajuma, nikamwambia kwa mlangoni, hebu nitolee pama la marehemu. Akalitoa. Lilikuwa limetundikwa msumarini toka ulipougua. Nikalishika kwa mkono wangu huu. Ukingo wake ulikuwa mbichi. Nikauonja. Maji ya chumvi.

Sikumwambia Mwajuma. Nilimwambia nyumba inavuja.

Halafu Ndundu. Nilikuwa kivukoni mchana kweupe, nimekaa peke yangu juu ya gunia, tunavuka. Mwenye kivuko akapita, akasema, "Mjomba, sogea kidogo, mwenzako anyooshe miguu." Nikasogea kwa adabu. Ndipo nikageuka kumtazama huyo mwenzangu. Palikuwa na harufu ya tumbaku na ya pombe ya moshi, na gunia lilikuwa limebonyea. Nilipomuuliza mwenye kivuko alikuwa anamaanisha nani, alinitazama, akatazama gunia, akaenda zake mbele, na hajapata kunitoza nauli tena.

Ndivyo ulivyo. Ulikuwa hivyohivyo ulipokuwa hai, mtu wa kukaa karibu mno.

Nimekaa nikafikiri ni nani aliyekutia haya yote kichwani, nikajikuta ni miye. Niliporudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza, vita vimekwisha, wewe ulikuwa umeshaacha shamba la baba yako Umwe umeshuka kukata boriti. Ulikuwa mtu wa bara usiyejua maji yanakwenda wapi yakitoka. Ukaniuliza nimeona nini huko. Wenzangu waliorudi walieleza mizinga. Miye nikaeleza Chikago.

Nilieleza kwa haki. Huko vitani, kwenye bandari ya Kolombo, nilikutana na dereva mmoja wa lori, askari wa Kimarekani, mweusi kama sisi, mzaliwa wa Chikago, akanipenda, akanichukua kwao kwa meli ya jeshi, tukarudi kabla ya gwaride. Watu huuliza iliwezekanaje. Ni siri ya jeshi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinikatiza: "Mtani, jana ulisema ulimkuta bosi Chikago, leo unasema Kolombo. Miji hiyo inahama?" Halafu unacheka hata kabla sijajibu. Kicheko chako siku zote kilitangulia hadithi, kama mtu anayefika kwenye pilau kabla ya mchele kuoshwa.

Lakini ulisikiliza, Mtupa. Hakuna mtu aliyepata kunisikiliza vile. Nikakueleza jinsi serikali ya Marekani ilivyopiga marufuku pombe nchi nzima, na jinsi vijana wa kimaskini, watoto wa wahamiaji wasio na kwao, walivyoamka asubuhi wakakuta nchi nzima ina kiu na wao ndio wenye mtungi. Nikakueleza bunduki inayosafirishwa ndani ya kasha la zeze, mtu akidhani unakwenda ngomani. Nikakueleza kwamba jambazi akikamatwa, akiulizwa, hajui. Ndugu yake amepigwa risasi mbele yake, hajaona. Risasi imo mwilini mwake yeye, hajui imeingiaje. Na kwamba mkubwa wao mmoja, muuaji, wakati wa njaa alifungua mlango akawagawia maskini supu, na maskini wakamwombea dua, na huku nyuma ya mlango huohuo kuna mtu anapigwa mpaka afe. Hapo uliuliza, "Supu ilikuwa ya nini?" Nikasema ya kuku. Miye nilijua utauliza.

Nilidhani ni maneno ya kupitisha mchana. Kumbe wewe ulikwenda Kibiti, ukaingia duka la Mhindi, ukatoka na pama jeusi. Ukalivaa juu ya kofia yako ya kawaida, kofia juu ya kofia. Ukaanza kunyolewa ukiwa umeelekea mlango, kwa sababu nilikwambia majambazi hupigwa risasi kwenye kiti cha kinyozi. Msikitini ukawa unagombea safu ya nyuma, mgongo ukutani, mpaka imamu akakuuliza, "Mtupa, Mwenyezi Mungu unamtazamia mlangoni?" Na wakataji wenzako ukawaita genge. Mkaitwa Genge la Chikago, wewe ukaitwa Bosi, na mkafurahi.

Nikicheka sasa hivi ninapoandika, nanyamaza ghafla na kusikiliza. Nasema sijui nasikiliza nini. Najua.

Barua niliiacha hapo; sasa arobaini yako imepita, nikupe habari yake, maana wanasema marehemu wanaisikia ila hawaioni.

Watu walikuwa wengi. Hitima imesomwa vizuri, pilau la mbuzi, hakuna aliyekosa. Wakataji wote walikuja, wakala, wakakaa mbali na miye. Walipokwisha kunawa, yule mkubwa wao akanyanyua kichwa, akasema mbele za watu, "Mjomba, sisi si wakorofi. Mwachie mwenzako ruhusa leo, kesho tunaingia kumtolea Mwajuma boriti zake. Usipomwachia leo, zioze." Nikaelewa kwamba haitakuja siku nyingine.

Nikasimama. Pama lako nilikuwa nimeliomba, nikalivaa. Nikaanza kwa nguvu. Nikaanza na Chikago, meli, bosi aliyenimiminia chai, shauri nililompa. Niliona nyuso. Zilikuwa kama mbao. Nikaongeza risasi, nikaongeza magari, nikajiua mwenyewe mara mbili nikaanguka mkekani. Mtoto mmoja akalia. Nikajua, ndiyo haya, nalia tena kama siku ya maziko, boriti zimekwenda, na huyu mtu nitakaa naye gunia moja mpaka nife.

Ndipo sauti ya Mwajuma ikatoka ndani, nyuma ya pazia:

"Mtani! Hao wazungu wako tumewachoka. Mume wangu hakuwa mzungu. Mtanie mume wangu!"

Nikasimama na pama mkononi. Kumbe, Mtupa, katika hadithi zangu zote sikuwa nimepata kukusimulia wewe.

Nikaanza na posa. Nikawaambia, mnajua Bosi alivyopata mke? Alisikia kwa miye kwamba Chikago majambazi hutoza wenye maduka ada ya ulinzi. Akashuka Nyamisati na pama lake, akamwendea binti anayeuza papa mkavu. Akamwambia, toa ada, nikulinde. Binti akamuuliza, "Unanilinda na nani?" Bosi akafikiri sana. Akasema, "Na mimi." Kilichofuata, nikawaambia, ni papa. Papa mzima, mkavu, wa shavu la kulia, halafu la kushoto ili asione ameonewa. Bosi akarudi kwangu uso umevimba, ana chembe za chumvi kwenye masharubu, akasema, mtani, nenda kanipose kwa yule, yule ndiye mtu wa genge langu.

Pazia likatikisika. Nikasikia Mwajuma anajizuia, nikasikia anashindwa.

Basi nikafungua mlango wote. Nikawaambia habari ya madebe. Wote wanaijua, walikuwapo, lakini hakuna aliyethubutu kuitamka toka ufe. Jinsi Genge la Chikago lilivyopika pombe ya moshi mikokoni, likaijaza kwenye madebe, likayaziba kwa nta, likayaficha kijitoni juu ya ukingo mkavu kabisa ambao, Bosi aliapa, maji hayajapata kufika. Na kweli yalikuwa hayajafika. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana. Mtu wa Umwe, mtoto wa mashamba, alitazama maji siku hizo za mwezi nusu akadhani ndiyo mpaka wake wa maisha. Wakataji wa huku huku wakamwona, wakanyamaza, maana Bosi alikuwa amewafundisha kwamba Chikago mkubwa hasahihishwi.

Nikaiga. Nikavaa pama, nikatembea mwendo wako, tumbo mbele, miguu ikifuata kwa mashaka. Bamvua likaja, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Maji yakapanda, yakayanyanyua yale madebe moja moja kama mama anavyonyanyua watoto, yakayatoa kijitoni, yakayapeleka mtoni, yakayafikisha Nyamisati bandarini, mbele ya askari aliyekuwa anapiga mswaki. Yanakuja kwa mstari, kama bata. Askari akauliza, "Haya ya nani?" Bandari nzima kimya. Genge zima halijui, halijaona. Chikago kabisa. Na Bosi amesimama palepale, ameyaona madebe yake yanafika, na badala ya kukimbia...

Hapo mtu akacheka.

Alicheka kabla sijafika mwisho. Kicheko kizito, cha kifuani, kimetoka nyuma kabisa. Watu wote waligeuka, na miye nikageuka. Nyuma kulikuwa na ukuta, Mtupa. Hakuna aliyekaa pale. Ulikuwa umeachwa mkeka mtupu pembeni mwa ukuta, watu wote wamesogelea mbele, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini waliuacha.

Mzee mmoja akaanza kusoma dua kwa midomo. Nikaona wale wakataji wanatafuta viatu vyao.

Mwajuma ndiye aliyetuokoa. Akasema kwa ndani, sauti ya kawaida, kama mke anayeongea na mumewe aliye uani:

"Mwacheni amalize. Nawe Mtupa, subiri hadithi iishe, miaka yote hiyo hujajifunza?"

Nikamaliza. Nikasema, badala ya kukimbia, Bosi akavua pama. Akaliweka kifuani, akainamisha kichwa, madebe yanapita, kama maziko ya mkubwa. Askari akamtazama. Akamwambia, "Pole, bwana. Ni wako wote hawa waliofariki?"

Hapo hata imamu alishindwa. Watu walicheka wakaangukiana, wakataji wakapigana mabega, na wale kina mama walikuwa wanalia kwa kucheka, halafu wakawa wanalia tu, halafu wanacheka tena. Wakanipa kuku. Mwembamba, lakini kuku. Nikamshika miguu na nikasema kwa sauti, kama inavyotakiwa, "Mtupa, nenda, mtani wako amekuachia." Mkeka ule wa nyuma, nilipoutazama tena, upepo ulikuwa umeukunja ncha. Au nasema upepo.

Basi, binamu, hiyo ndiyo habari. Boriti zimetoka. Mbili tatu zimepasuka, zilizobaki nzima, na nahodha amezikubali. Mwajuma atamaliza eda yake ana chakula ndani. Shoka halijasikika. Kivukoni nimeanza kutozwa nauli.

Nakuaga, na safari hii nakuaga sawasawa, bila machozi. Nakuahidi mambo haya: Mwajuma hatakosa mtu wa kumbebea kuni wala wa kumsemea mbele ya wanunuzi. Na kwenye kila maziko nitakayohudhuria toka Kibiti mpaka Salale nitasimulia habari zako, si za Chikago, mpaka watoto wasiokuona wajue ulivyotembea. Sitakupunguza. Nitakuongeza kidogo, unanijua. Lala mgongo ukutani kama upendavyo, mlango naulinda miye.

Lakini utani haukai upande mmoja. Nimekucheka mbele za watu wote na wewe hukupata kujibu, hiyo si haki kati ya watani. Nimefikiri nikupe nini, nikaona nikupe hili, ambalo hata Mwajuma halijui, ulichekee huko uliko na wenzako.

Asubuhi ile tulipokwenda kuzitoa boriti, walisema Mjomba akae mbele mtumbwini, maana yeye ndiye aliyetoa ruhusa. Nikakaa mbele, kifua nje. Tulipoingia mdomo wa kijito, kitu kikakohoa ndani ya mikoko, karibu kabisa, kikohozi chako kilekile cha tumbaku. Walionifuata nyuma walisema ni kiboko. Labda kweli ni kiboko. Miye niligeuka nikawaambia kwa sauti kubwa wasiogope, nilishakutana na makubwa zaidi Chikago. Lakini msuli wangu niliojifunga kiunoni ulikuwa umeshaloa, Mtupa, na mtumbwi ule haukuwa na tone la maji.

Mtani wako,
Athumani